Kiinitete cha Unga wa Chapati

Mwalimu wa bayolojia aliuliza nani anaweza kueleza vile seli za kiinitete cha mnyama hushikana siku za kwanza kabisa. Darasa zima likainamia madaftari. Mimi, ambaye kazi yangu ni kupiga domo huko nyuma, nikasema nitaleta seli zangu kutoka nyumbani. Wakacheka. Sikuwa natania.

Jumamosi mathe, yaani mama, alikuwa anapika chapati. Niliiba madonge manane nikayapanga yagusane. Yakateleza tu, kila moja kivyake.

"Si nimeyapaka mafuta ndio yasishikane, wewe!" mathe akasema. "Na urudishe unga wangu."

Hapo ndipo niliielewa hiyo mada. Seli nane za kwanza hukaa hivyo, duara duara, mpaka protini za juu ya ngozi yao zianze kukamatana. Zinajibana hadi huoni mipaka. Kisha zile za nje zinaziba mishono, maji yanasukumwa ndani na hayatoki. Nikaomba unga usio na mafuta. Nikabana madonge, nikaacha uwazi katikati, nikafinya kingo, nikapuliza kwa mrija wa kalamu. Donge zima likavimba, likakaa.

"Hii inaenda mashindano ya sayansi Kajiado," mwalimu akasema alipoiona. Shuleni sijawahi kuchaguliwa kwa kitu isipokuwa kupiga magoti. Nilifanya mazoezi ya kuhutubia majaji mbele ya kioo hadi mathe akauliza kama nimeokoka.

Ijumaa mwalimu akaniita. "Atasimama kiranja. Wewe una mizaha mingi, majaji watadhani tumekuja kucheza. Utabeba unga."

"Lakini mwalimu, ni yangu."

"Ni ya shule."

Kwa hivyo nilifika Kajiado nimekumbatia sufuria. Kiranja, msichana ambaye hata kucheka huomba ruhusa, aliyafinya madonge vizuri, siwezi kudanganya. Jaji akamuuliza kwa nini seli zinaziba mishono.

"Ni kama wapangaji wa ploti Kitengela," akajibu. "Hawajuani hata majina. Lakini siku lori la maji likikuja, wanashikana na kufunga geti, maji yasiende kwa jirani."

Ukumbi ukaangua kicheko. Jaji mmoja alipangusa macho. Hayo maneno niliyaandika mimi, kwenye karatasi niliyolazimishwa kumpa kiranja. Hakuruka hata koma.

Wakapewa cheti. Mwalimu akasimama naye, akaninyooshea simu. "Kijana, tupige picha."

Nikapiga, nikawakata vichwa wote wawili. Akaangalia, akacheka, "Huyu na mizaha yake," akampa dereva wa basi la shule simu.