Chuma Changu na Hema la Wakubwa

Nilikuwa mwanajimnastiki kwa miaka tisa, na miaka yote hiyo Korogwe nzima iliniita mtu wa sarakasi. Nikieleza kwamba sarakasi ni kitu kingine, naulizwa kama nakula moto. Sili moto. Basi pengine navuta gari kwa meno? Sivuti, jamani, meno yangu nayapenda. "Sasa unafanya nini?" Nazunguka kwenye chuma, naachia, nageuka hewani, natua kwa miguu miwili bila kuyumba. "Basi?" Basi.

Chuma chenyewe nilichomelewa na fundi wa Kwamndolwa ambaye kazi yake hasa ni mageti. Nguzo mbili, bomba juu, waya za kukazia pembeni. Chini nilitandika magunia yaliyojaa makapi ya mkonge, ili nikianguka nisivunjike shingo, niwashwe tu wiki nzima. Raha iliyoje!

Baba yangu, mkulima wa Kwedizinga, hakuwahi kuja kuniona. Alikuwa na mahindi, alikuwa na mihogo, na alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume aliyevikataa vyote ili akaning'inie. Mwaka wangu wa tisa mgongo ulianza kumsumbua, akanipigia simu.

"Nitakuja nitazame kwa macho yangu. Nikiona ni kazi, endelea, nitatafuta kibarua. Nikiona ni mchezo, unarudi nyumbani kulima."

Nikakubali. Neno la mzee halina rufaa.

Nikamwalika kwenye tamasha la michezo, uwanjani Korogwe. Siku moja kabla nilikwenda kusimika chuma, nikakikaza mpaka kikawa hakitingishiki. Kosa langu hilo. Asubuhi nilikuta kamati ya maandalizi, Mungu awape maisha marefu, imegundua kwamba uwanja mzima hauna kitu imara kuliko chuma changu, ikafunga kwenye nguzo zake kamba za upande mmoja wa hema la wageni. Masofa yalikuwa yameshapangwa, na vitambaa vya meza.

"Kijana, ukifungua kamba hizo hema linamwangukia mgeni rasmi," mwenyekiti wa kamati aliniambia. "Wewe fanya hata zile za chinichini."

Za chinichini! Baba alikuwa ameshaketi mstari wa mbele, juani, kanzu imenyooka kwa pasi. Mgeni rasmi alichelewa kwa saa nne tu, tukashukuru. Kisha zikaja hotuba, na mwisho mshereheshaji akatangaza kwamba kutokana na ufinyu wa muda, kijana wa sarakasi atapewa dakika moja.

Hasira zilinishika, nikakidandia chuma. Kamba zao, hema lao, shauri yao! Mzunguko wa kwanza, hema likainama. Wa pili, likainuka. Wa tatu, mama mmoja kwenye sofa akaanza kuomba dua kwa sauti, na mgeni rasmi akaishika soda yake kwa mikono miwili. Nilisikia ngozi ya kiganja ikichanika. Nikaachia, nikageuka hewani mara mbili, nikatua. Sikuyumba hata chembe. Maisha yangu yote sijawahi kutua vile, wallahi.

Walioshangilia ni wale wa juani. Wa hemani walikuwa wanatafuta pa kutokea, na mwenyekiti alikuwa ananijia mbio huku akinitukana.

Nikaenda kwa baba. Shikamoo, marahaba. Akanishika mkono, akaugeuza, akazitazama damu na sugu kwa muda mrefu.

"Sugu kama hizi ungezipata kwangu," akasema, "na mahindi juu."

Nikarudi kulima. Sikubishana. Chuma nilimrudishia fundi, akakifanya geti.

Nina misimu sita sasa nyuma ya jembe. Majuzi jirani aliniuliza kama ni kweli niliwahi kulitikisa hema mpaka wakubwa wakakimbia masofa. Nikamuuliza kaambiwa na nani.

"Si mzee wako! Kila Ijumaa tukitoka msikitini lazima atusimulie ulivyotua. Anasimama kabisa atuoneshe, miguu pamoja, mikono juu, na mgongo wake ule ule mbovu."

Kila Ijumaa! Misimu sita! Nililia pale pale shambani, kwa hasira na kwa furaha, sijui ipi ilizidi.

Jioni nilimwamkia. Akaitikia, akaniuliza kama nimemaliza palizi.