Tangi la Makwasinyi

Iko siku moja, mwanangu, ambayo ikinijia hadi leo nashindwa kumeza chakula. Nasikia unataka kugombea kiti cha wadi. Basi kaa hapa.

Nilifika Voi kutoka Kitui nikiwa fundi mwashi, na mwiko, timazi na shati la kubadilisha. Kidawida, lugha ya wenyeji, sikujua hata salamu. Nikajenga majiko ya watu, vyoo vya shule, mabirika ya kunyweshea ng'ombe kule Marungu, wala hakuna lililopasuka. Kwa hiyo wakanichagua diwani, bado kijana. Wapinzani walipiga kelele, "Huyo ni mtu wa kuja!" Mama Wakesho, mkulima wa Makwasinyi, akasimama mkutanoni: "Huyo wa kuja kanijengea nyumba. Nyinyi wa hapa mmenijengea nini?"

Sasa sikiliza aibu yangu. Mkandarasi mmoja alijenga tangi la maji kijijini kwa huyo mama. Nililigonga kwa kidole, mchanga ukamwagika. Mimi, fundi! Nilijua palepale kwamba simiti ilikuwa haba. Lakini wakubwa walikuwa njiani kuja kulizindua, mahema yamesimama, nami nimevaa suti mpya. Nikatia sahihi kwamba tangi ni imara.

Mvua ya kwanza ililijaza, ukuta ukapasuka. Maji yakasomba mahindi ya Mama Wakesho, jiwe la ukuta likamvunja mguu. Nilimpelekea matunda hospitalini. Hakuyagusa.

"Uliligonga?"

"Nililigonga, mama."

"Ukaona?"

"Niliona."

"Basi ondoka. Ulipokuwa fundi ulikuwa wetu. Leo ndio umekuwa mtu wa kuja."

Nilikiri mbele ya baraza, madiwani wenzangu wakanicheka. Nikavaa ovaroli, nikalijenga upya tangi lile kwa mikono yangu. Uchaguzi uliofuata nikaanguka. Serikali za kaunti zilipokuja, Mama Wakesho ndiye aliyezunguka na mkongojo wake akiniombea kura, nikaingia bunge la kaunti. Mguu wake, lakini, haukunyooka tena.

Na leo nawaona waheshimiwa wakikata utepe kwenye zahanati isiyo na hata bomba la maji, wakipigiwa makofi! Damu inanichemka. Wanajua. Usidanganywe kwamba hawajui.

Mwanangu, usitie sahihi kitu ambacho macho yako yamekikataa, hata kama wageni wamekwisha kuketi. Waudhike wao, si mama wa watu. Na mtu akikuita wa kuja, usibishane naye, fanya kazi.

Nenda. Mungu akupe mkono wa haki na ulimi usioogopa, na wanaokuamini wasilie kwa ajili yako.