Kamba Tupu Uani kwa Hilda

Pale Hombolo, ukitaka kujua kama Hilda ameamka, hukuwa na haja ya kubisha hodi. Ulitazama kamba tu. Kabla jua halijapanda, vitambaa vya binti yake Lea vilikuwa vimeshaanikwa uani, vyeupe, vimejipanga mpaka mwisho. Hilda alifua kwanza, ndipo akaenda kupogoa zabibu kwenye mashamba ya watu. Mvua inyeshe, homa imshike, atafua.

Lea alizaliwa kibofu kikiwa nje ya tumbo. Madaktari walikirudisha ndani wakakishona, lakini kushika mkojo hakikuweza. Nesi wa kliniki hakumficha Hilda. "Mama, huku kuvuja ni usumbufu tu. Kitakachomuua ni kiu. Anywe maji, tena mengi. Asipokunywa, ugonjwa unapanda kwenye figo, na figo zikishakufa hatuna nyingine za kumpa."

Hilda aliyashika maneno hayo. Asichokifikiria ni shule. Jamani, watoto wana midomo! Walimbandika jina la Bwawa, kwa ajili ya lile bwawa la kwao. Lea akinyanyuka tu kwenye dawati, mmoja anapiga kelele, "Bwawa limepasuka!" na darasa zima linaziba pua. Mwishowe dawati lake likatolewa barazani, eti apate hewa. Nyumbani aliamkia, "Shikamoo, mama," akaenda kubadilisha kitambaa. Akiulizwa kuna nini, alijibu hamna kitu. Na Hilda, Mungu amsamehe, alipenda kuamini kwamba kweli hamna kitu.

Kisha kamba ikaanza kupungua. Vitambaa vikawa vichache, vikawa viwili, halafu asubuhi moja Hilda akakishika cha usiku akakuta kikavu. Akakinusa. Akakaa chini kwenye mkeka akalia kwa furaha, na nani angemlaumu?

Lakini dalili zilikuwepo, tena mbele ya macho yake. Lea aliacha uji. Akaacha mboga ya mlenda inayoteleza, akawa anameza ugali mkavu kwa taabu, na Hilda akamtania, "Umeshakuwa mtoto wa mbunge, mlenda huutaki tena?" Asubuhi kope zilikuwa zimevimba, Hilda akasema ni usingizi wa mtoto aliyelala pakavu. Midomo ilipopasuka, akampaka mafuta na kuulaumu upepo. Kila kitu alikipatia jibu, na kila jibu lilikuwa tamu.

Jirani yake Angelina aliiona kamba tupu kabla hajaambiwa. "Weee, Mama Lea! Muujiza mkubwa hivyo halafu unanyamaza?"

Basi habari zikafika kanisani. Mwinjilisti Methusela akatangaza kwamba Jumapili inayofuata Hilda atatoa ushuhuda, na mtoto atasimamishwa mbele watu wamwone. Lea aliposikia alishika tama. Toka siku hiyo hata maji ya kusukutua aliyatema yote.

Jumapili ile kanisa lilifurika. Watoto wa darasa lake nao walikuwepo, wamejazana madirishani. Hilda alisimulia alivyofua, alivyosengenywa, alivyoomba usiku na mchana mwanawe akauke. Akinamama wakafuta machozi. Vigelegele vikapigwa, na Angelina kwa furaha zake akaja mbele na kikombe kikubwa cha maji.

"Kunywa, mwanangu, tuone! Sasa unaogopa nini?"

Lea akakitazama kikombe, asikipokee. Hilda, aliyekuwa amemshika mkono, akausikia ni wa moto. Akamwinamia. Majuma yote yale alikuwa akitazama kamba, na sasa ndiyo kwanza akamtazama mtoto. Uso umeumuka, midomo imekauka kabisa. Na pumzi yake, ee Mungu wangu, ilikuwa na harufu ile ile ya mkojo wa vitambaani.

"Mama," Lea akanong'ona, "nikinywa nitakuaibisha mbele za watu."

"Hunywi maji? Tangu lini?"

"Tangu waliponitoa nje na dawati. Nikaona ukishika kitambaa kikavu unafurahi."

Hilda akawageukia watu. "Nyamazeni!" akapiga kelele, na vigelegele vikakatika. "Hajapona! Mwanangu anakufa kwa kiu, na mimi nimesimama hapa nashangilia!"

Akampokonya Angelina kikombe, akapiga magoti, akakiweka kwenye midomo ya bintiye. "Kunywa. Lowesha kanisa zima ukitaka. Aibu ni yangu, si yako." Lea akanywa. Akatapika, akanywa tena, macho yake yakiwa kwa mama yake.

Zablon, kijana wa bodaboda, aliwapakia palepale kuelekea hospitali mjini. Vumbi liliwapiga, mashamba ya zabibu yakabaki nyuma na nguzo zake tupu. Mtoto alikuwa katikati, kichwa kimelegea kifuani kwa mama, na Hilda alikuwa na chupa ya maji mkono mmoja. Mkono mwingine kila mara aliupitisha chini ya gauni la Lea, akikipapasa kitambaa kama maji yamepita kwenye figo.

"Lowa, mama yangu," alimbembeleza sikioni. "Lowa tu, nitafua. Nitafua mpaka nizeeke."

Tangu mtoto azaliwe alikuwa ameomba kitambaa kikavu. Nyumba za mjini zilipoanza kuonekana, akapitisha mkono tena.

Kikavu.