Kaseti Mpya Iliyoua Zile za Zamani

Ujumbe wa kwanza niliusoma mara mbili, halafu nikacheka.

"Dada, kaseti yenu mpya inacheza safi kabisa. Shida ni kwamba tangu niichomeke, kaseti zangu zote za zamani zimekufa. Zote kumi na tisa."

Sasa niambie, wewe ungefanyaje? Kaseti moja iue kumi na tisa? Kwani ina majini?

Nikamwita kaka yangu nikamsomea. Naye akacheka.

Ila aliacha kucheka kabla yangu. Hilo nimelikumbuka baadaye sana.

Ngoja niwaeleze vizuri.

Kaka yangu nyumbani tunamwita Prof, tangu utotoni, kwa sababu alikuwa anafungua redio za watu bila ruhusa na kuzirudisha zikiwa zinaimba kuliko mwanzo. Alikuwa na karakana juu ya duka la mapazia. Vyumba viwili, ngazi ya chuma, feni moja, na dirisha ambalo tulilizuia kwa kopo la rangi lisijigonge.

Humo ndani tulikuwa tunatengeneza kaseti mpya za mashine za gemu za zamani.

Unazikumbuka zile mashine? Unachomeka kaseti, waya zinaenda kwenye runinga, gemu likigoma unachomoa, unapuliza, unachomeka tena. Viwanda viliachana nazo zamani. Lakini kuna watu wazima na heshima zao, wengine wana wajukuu, bado wanazo sebuleni na hawataki mtu aweke kikombe juu yake.

Prof aliandika gemu jipya kwa ajili yao. Miaka minne alikuwa nalo tu. Vibao vya ndani, vile vya kijani vyenye ukingo wa dhahabu, vilitengenezwa kiwandani, mbali huko. Sisi tukawa tunalehemu chipu, tunafunga maganda, tunabandika lebo.

Fundi wa kulehemu tulimwita Miwani. Ukimwona tu, unajua kwa nini.

Mimi nilikuwa huduma kwa wateja. Simu, mimi. Ujumbe, mimi. Kutukanwa, mimi.

Na Prof hakuwa kaka wa kawaida. Baba alipofariki nilikuwa darasa la tatu, tukabaki na mama. Prof ndiye aliyeacha chuo ili mimi nisiache shule. Ndiye aliyekuwa ananisuka nywele asubuhi, vibaya, naenda hivyohivyo. Kwa hiyo Prof akisema kitu, mimi sikuwa na swali la pili.

"Waambie wasafishe kwa spiriti," akasema. "Ni vumbi hilo. Mashine ya miaka thelathini, unategemea nini?"

Nikawaambia.

Chukua pamba, chovya kwenye spiriti, futa ukingo wa dhahabu taratibu, acha ukauke, chomeka tena. Niliyaandika maneno hayo mpaka simu ikawa inanimalizia yenyewe.

Wiki ya pili wakafika kumi na mmoja. Mwezi ulipokatika wamepita sitini. Na wote wimbo mmoja: ya kwenu inacheza, za zamani hazichezi.

Wateja walinipenda, sitawadanganya. Waliniita Dada Huduma. "Wewe dada una roho nzuri," wananiandikia. "Wengine wangetuchunia."

Halafu akapiga yule mama.

Alikuwa matroni mstaafu wa hospitali. Sauti yake ile ya mtu aliyezoea kuita mara moja tu.

"Mwanangu, nimesafisha kama ulivyosema. Mara nne. Mimi nimesafisha vidonda vya watu miaka thelathini, spiriti hunifundishi."

Nikacheka kidogo. Yeye hakucheka.

"Sikiliza. Mume wangu alipata kiharusi mwaka juzi. Hasemi. Mkono wake mmoja hovyo. Lakini kila siku akishakula mchana alikuwa anacheza gemu lake la magari, na vidole vinamtii. Mtaalamu wa mazoezi akasema tusimnyang'anye kamwe. Nikamnunulia na ya kwenu, angalau apate kitu kipya."

"Ndiyo, mama."

"Sasa la magari haliwaki. Anakaa mbele ya kioo cheusi ameshika kidude chake, anabonyeza. Anadhani ni yeye ndiye aliyeharibika."

Unajua nilimjibu nini?

"Jaribu tena, mama. Safari hii tumia pamba mpya."

Pamba mpya! Mpaka leo nikiona pamba dukani natazama pembeni.

Nilikaa na maneno ya yule mama siku tatu. Siku ya nne Prof akaenda posta. Nikavuta stuli mpaka kwenye meza ya Miwani.

"Fundi, hebu niambie ukweli. Hizi kaseti zina nini?"

Akainua kichwa.

"Kwani wewe hujui? Mimi nilidhani unajua kuliko sisi wote."

Nikadhani ananikejeli tu. Nikamwambia aache utani.

Basi akafungua droo, akatoa kibao cha kaseti ya zamani. Akakibana kwa kile kipimo chake cha chuma. Milimita moja na nukta mbili. Akachukua kibao chetu, akakibana. Moja na nukta sita.

"Ndiyo hiyo tu?" nikamuuliza. "Nukta nne?"

"Mashine ina meno madogo ndani, ndiyo yanashika kibao," akasema. "Chukua kiatu chako, mpe mtu mwenye miguu mikubwa akivae mwezi mzima. Siku akikurudishia, wewe utakitembeza au kitakutembeza? Sisi ndio wenye miguu mikubwa. Tumeyatanua meno ya watu. Ya kwetu inashika kwa sababu ni nene. Za zamani zinaelea tu humo, hazigusi kitu."

"Na spiriti?"

"Spiriti inasafisha." Akarudi kwenye kazi yake. "Hainenepeshi kibao."

Prof aliporudi nilimsubiri juu ya ngazi. Nikamwonyesha vile vibao viwili.

Hakukataa. Alikaa kwenye boksi, akafunika uso kwa mikono.

"Kiwanda kimetufanyia unyama," akasema. "Nimewaandikia, wamekaa kimya. Nipe wiki mbili tu, mdogo wangu. Tukitangaza leo tumekwisha, mimi na wewe na Miwani. Nilishawahi kukudanganya?"

Hakuwahi. Yaani nilikuwa najua hivyo.

Nikampa wiki mbili. Na ndani ya wiki mbili hizo niliendelea kuwaambia watu wafute kwa pamba, huku najua. Hapo simsingizii mtu, ni mimi mwenyewe na vidole vyangu.

Siku ya kumi ikalipuka.

Kuna fundi mmoja wa mashine za zamani, ana wafuasi kibao mtandaoni. Akanunua kaseti yetu, akaipima mbele ya kamera, akafungua na mashine akaonyesha meno yalivyolala. Mpaka saa nne asubuhi watu wameshaitazama video yake kama mchezo wa fainali.

Mimi wakati huo niko duka la vifaa vya ofisi nanunua bahasha za kupakia. Simu ikaanza kutetemeka mfululizo. Nikaifungua nikiwa nimekumbatia bahasha mia.

Prof alikuwa ameshatoa tamko.

"Tumebaini kwamba mhudumu wetu wa wateja alikuwa akipokea malalamiko bila kuyafikisha kwa uongozi. Mhudumu huyo hayupo nasi tena. Tunaomba radhi."

Uongozi! Uongozi wenyewe ni Prof na ile feni.

Muuzaji akaniuliza, "Dada, unazichukua au huzichukui?" Nikaziweka juu ya kaunta nikatoka.

Nikampigia. Haipokelewi. Nikampigia tena. Imezimwa.

Matusi niliyopokea siku ile siwezi kuyaandika hapa, watoto wanasoma. Ila lililoniumiza halikuwa hata tusi. Lilitoka kwa Matroni, mstari mmoja.

"Nilidhani ulikuwa unanisikiliza."

Nililia. Nilipomaliza, hasira ikaja, na hasira ikanipa akili. Nikatafuta anwani ya kiwanda kwenye makaratasi ya mzigo niliyokuwa nayo nyumbani, nikawaandikia kwa ukali. Mmetuletea vibao vinene, mmeharibu mashine za watu, na mkiandikiwa mnakaa kimya.

Kesho yake wakajibu. Kwa adabu kabisa. Hawajawahi kupokea barua yoyote ya lalamiko kutoka kwetu. Na wakaambatanisha karatasi.

Ilikuwa inasema hivi, kwa kifupi: vibao vimetoka na unene wa moja nukta sita badala ya moja nukta mbili mlioagiza. Kosa ni letu. Tuko tayari kuvitengeneza upya bure, ila itachukua miezi mitatu. Au mvipokee hivyohivyo, kwa hiari yenu.

Pale kwenye "hivyohivyo" palikuwa na alama ya vema.

Chini yake, jina na saini.

Yangu.

Nilikaa chini, sakafuni.

Ikanijia siku yenyewe. Mzigo umefika, mimi nahesabu maboksi, jasho linanitoka, Prof anakuja na karatasi ya lugha ya watu, herufi kama chawa. "Weka saini hapo, mdogo wangu, ni ya kupokea mzigo." Meza zote zimejaa. Akageuka, akainama, nikaandikia mgongoni kwake. Kalamu ikamtekenya. Tukacheka sana.

Ndiyo maana Miwani alidhani najua kuliko wote. Alikuwa ameiona ile karatasi.

Nilipanda ngazi ya chuma bila kuhisi ngazi. Prof alikuwa peke yake.

Nikamwekea simu mbele ya uso, ile karatasi iko kwenye kioo. "Kwa nini mimi?"

Hakujifanya hajui. Angalau hilo alinipa.

"Miezi mitatu ingetuua," akasema. "Watu walishasubiri miaka. Nilijua ikinuka, lazima mmoja wetu aibebe."

"Nakuuliza kwa nini mimi."

"Kwa sababu jina langu liko kwenye kaseti. Wewe huna jina la kuharibika."

Alisema hivyo kwa upole. Kama ananielewesha hesabu.

Sikumtukana. Nilishuka, nikakaa kwenye kizingiti cha duka la mapazia, nikaandika kila kitu mtandaoni. Karatasi nikaiweka wazi, na saini yangu ionekane. Nikaandika na zile siku kumi zangu za uongo. Nikawaambia watu: acheni kuchomeka kaseti yetu leo hii, mashine zenu zinatibika, meno yanaweza kubadilishwa.

Miwani aliacha kazi jioni ileile. Akasema atazitengeneza mashine za watu mwenyewe, mimi niwe napokea simu.

Mashine ya kwanza ilikuwa ya Matroni. Tulienda nyumbani kwake.

Alifungua mlango akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Ingia," akasema. "Ila sijakusamehe."

"Sawa, mama."

Miwani alifungua mashine juu ya meza ya chakula, akatoa safu ya meno iliyochoka, akaweka mpya. Mzee amekaa kwenye kiti chake anafuatilia kila skrubu. Ilipowaka, magari yakaja na makelele yake. Mzee akashika kidude, akaondoka kwa kasi, kona ya kwanza akagonga ukuta.

Akacheka. Kwa nusu ya mdomo, lakini alicheka.

Matroni akaenda jikoni ghafla. Hatukumfuata.

Mnadhani yameishia hapo? Hata mimi nilidhani hivyo.

Wiki iliyofuata mama yangu akanipigia.

"Futa ulichoandika. Yule ni kaka yako."

"Mama, alinisainisha karatasi sijui ina nini. Akanitupa mbele ya watu."

Nasikia kijiko kinazunguka kwenye kikombe.

"Usimlaumu sana," akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia."

"Ulimwambia nini?"

"Alikuja hapa na hiyo karatasi, hana raha. Nikamwambia mpe mdogo wako asaini. Mtoto wa kike, nani atategemea ajue mambo ya mashine? Watu watamwonea huruma, yataisha."

"Kwa hiyo mlikaa mkanijadili?"

"Hatukukujadili, mwanangu. Tulikuwa tunakunywa chai tu."

Nikakata simu. Ndiyo mara ya kwanza maishani kumkatia mama yangu simu.

Sikufuta. Prof ilibidi awarudishie watu hela zao, akafunga karakana. Kule juu sasa kuna saluni. Mama bado ananipigia kila Jumapili na mimi napokea, namuuliza goti linaendeleaje, tunaagana. La Prof hatuligusi.

Ninyi mnaofanya kazi na ndugu, au mnaosemea kampuni ya mtu kwenye simu, nawaomba kitu kimoja. Kabla hujamwambia mtu "jaribu tena", jaribu wewe kwanza. Na ukipewa karatasi na mtu unayempenda, isome mbele yake mpaka nukta ya mwisho, hata kama haraka ni nyingi na meza zimejaa.

Anayekutakia mema atakusubiri umalize.