Viatu vya Kutoka Tunduma

Mimi zawadi za Krismasi sizipendi. Nikisema hivyo watu wa kwetu wananiona nina roho mbaya, basi waniite hivyo, nimeshazoea. Huku juu milimani, mwezi wa kumi na mbili ukifika, wenye watoto mjini wanaanza kuangalia barabara. Watoto wanapanda kutoka Same na mabegi, na ndani ya mabegi mna vitu ambavyo hakuna mtu aliyeviomba. Ingia nyumba yoyote hapa ufungue kabati la sebuleni. Utakuta chupa za chai ambazo hazijawahi kutiwa chai, mablanketi yangali kwenye mifuko yake ya nailoni, saa ya ukutani yenye picha ya maporomoko ya maji, imesimama tangu ilipoletwa. Jirani yangu aliletewa blenda. Anahifadhia mbegu za maharage.

Na huwezi kusema hutaki. Unapokea kwa mikono miwili, unashukuru, unamwombea aliyeleta. Halafu unakuja ukaguzi. Sijui kwingine wanafanyaje, lakini kwetu siku ya Krismasi kanisani ndiyo siku ya kukagua. Mtoto aliyemletea mama yake kitenge anakaa benchi la nyuma, anamtafuta kwa macho, amekivaa au hakukivaa. Kama hakukivaa, habari hiyo itazungumzwa mpaka Pasaka. Kwa hiyo wazee wanavaa. Wanavaa makoti mazito jua likiwaka, wanavaa kofia zinazowafunika masikio wasisikie hata mahubiri, mradi mtoto asiaibike mbele za watu.

Kaka yangu ni dereva wa lori. Anapeleka mizigo Tunduma na kuvuka mpaka, mwaka mzima yuko barabarani, nyumbani anaonekana Krismasi tu. Ni mtu mwema, niseme ukweli, ila ana mkono wa kutoa kuliko mdomo wa kuuliza. Mwaka mmoja alimletea baba keki ya bethdei. Baba hajui alizaliwa lini, anajua tu kwamba ulikuwa msimu wa nzige, na wakati huo daktari alikuwa ameshamwambia ana sukari. Kaka hakuambiwa, maana baba hapendi mwanawe asikie lolote baya. Baba akaimbiwa, akashikishwa kisu, akakata, akala kipande kizima huku anatabasamu. Kesho yake alishinda kitandani, kaka ameshaondoka, na mimi ndiye niliyebaki kumnywesha maji.

Baba naye ndivyo alivyo. Tangu mama afariki, kaka ndiye kila kitu. Mimi ninayepika makande yake na kufua shuka zake ni kama mlango wa nyumba, upo tu, nani anausifia mlango? Sisemi hivyo kwa wivu. Au labda ni wivu, sijui, lakini ndivyo ilivyo.

Basi Krismasi moja kaka akaja na viatu. Viatu vyeusi vya ngozi, vya kamba, vinang'aa mpaka unajiona sura, alivinunua Tunduma. Akampa baba pale pale sebuleni. Baba akakaa kwenye kiti, akaviingiza miguuni kwa kusukuma, nikaona jinsi mishipa ya shingo ilivyomsimama.

"Vinakutosha, baba?" kaka akauliza.

"Kama nilipimwa," baba akasema.

Havikumtosha. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia ya chai, nikaona. Nikamfuata chumbani baadaye nikamwambia, baba, hivi vinabana, vaa vile vya zamani. Akaniambia ngozi mpya huachia yenyewe, na kwamba nisimharibie mtoto Krismasi yake.

Kanisani baba alikuwa mzee wa kanisa, yeye ndiye aliyezunguka na kapu la sadaka. Siku hiyo alizunguka benchi kwa benchi na viatu vile, kaka anamtazama, uso wote meno. Ibada ikaisha, tukapanda kile kilima chetu mpaka nyumbani, na baba hakulalamika hata kidogo. Wenye sukari wanajua. Miguu ilishaanza kufa ganzi, hakusikia kitu. Alipovua, soksi ya mguu wa kulia ilikuwa imegandia kwenye kidole kidogo, na baba akaitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Kidonda kilikuwa kidogo. Tuliosha kwa maji ya chumvi, tukaweka dawa, kikafunga juu, kumbe chini kinachimba. Na Jumapili akavaa tena. Kila kaka alipopiga simu swali la kwanza lilikuwa, "Viatu unavaa, baba?" na baba anajibu, "Sivui mpaka nikilala." Wakati wa masika mguu ulikuwa umeshaanza kunuka. Nilimpakia kwenye bodaboda, mimi nyuma nimemshika, utelezi ule mtu unamwita Mungu kila kona, tukashuka Same, na Same wakatupeleka mbele hospitali kubwa. Wakaukata chini ya goti.

Daktari aliniita pembeni. Akasema mguu uliobaki uchungwe kama jicho, asivae kitu cha kubana hata mara moja, ukipata mchubuko tu hadithi ni ile ile. Maneno hayo niliyabeba mimi peke yangu, kwa sababu baba alipozinduka alikuwa na neno moja tu.

"Kaka yako asiambiwe."

"Baba, atakuja. Ataona mwenyewe."

"Akija ataona. Lakini sababu asiijue. Yule yuko kwenye usukani. Ukimwambia kwamba viatu vyake ndivyo vilivyofanya hivi, atalipeleka gari korongoni. Unataka kunizikia mtoto?"

Nikakubali. Miezi yote iliyobaki tukaishi hivyo. Kaka akiomba picha, baba anakaa kwenye kiti, mimi napiga kiunoni kwenda juu. Na bado kila simu ni viatu, na bado baba anavisifia, kwamba majirani wanaviulizia, kwamba hajawahi kuwa na viatu kama vile. Nilikuwa nikisikia maneno hayo nikiwa jikoni nataka kupiga kelele. Kwa sababu mtu ukimsifia zawadi kiasi hicho, unadhani mwaka unaofuata ataleta nini?

Mkesha wa Krismasi kaka akafika mchana, na bodaboda, kwa kuwa mvua ilikuwa imeharibu barabara na magari hayapandi. Alikuwa ameloa, amelibeba begi kichwani. Akaingia anacheka, "Shikamoo baba," na baba hajajibu, kaka akayaona magongo ukutani, akashusha macho kwenye suruali iliyokunjwa na kubanwa na pini.

"Marahaba, baba," baba akasema. "Kaa. Si kitu. Ni jiwe. Tulikuwa kwenye msaragambo, tunazibua ndiva ya juu, jiwe likaniporomokea."

Alilisema vizuri mno, nikajua amelifanyia mazoezi. Na ni uongo wenye miguu yote, kila mwaka watu wanakwenda pamoja kuzibua lile bwawa la kumwagilia tangawizi, na mawe yale yamewahi kuvunja watu kweli. Kaka akalia kama mtoto. Akanigeukia mimi, si baba, mimi, akaniuliza ni dada wa aina gani anayemficha ndugu yake jambo kama hilo. Nikasema pole kaka. Nikaenda kumenya ndizi. Niliumia, na sikuwa na pa kupeleka.

Boksi la viatu lilibaki ndani ya begi. Kaka aliona aibu kulitoa, ni nani anampa mtu wa mguu mmoja viatu? Lakini baba alikuwa ameshaiona pembe yake, na asubuhi ya Krismasi, ameshaoga, ameshavaa shati jeupe, akasema, "Lete viatu vyangu."

"Baba, havina maana sasa."

"Lete. Kimoja kitavaliwa. Nitaingia nacho kanisani, watu waone mwanangu kanikumbuka."

Kaka akalitoa. Ngozi nyeusi, kamba, vinang'aa. "Nimechukua aina ile ile na namba ile ile," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu afike akatabasamu kidogo. "Si ulisema vilikutosha kama ulipimwa."

Akapiga magoti mbele ya baba na mpini wa kijiko, akaanza kumvalisha mguu wa kushoto. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, hapo hapo niliposimama mwaka uliopita. Nikaona kidole kidogo kinajikunja kwenda chini ya mwenzake. Kaka anasukuma kisigino, baba anasema, "Sukuma baba, kinaingia, sisikii maumivu." Na ni kweli, hakuwa anasikia. Hilo ndilo lililonitisha.

"Kaka, kitoe," nikasema.

"Kitaachia. Ngozi mpya hii."

"Kitoe nakwambia!"

"We, nyamaza," baba akasema, na macho aliyonitolea sikuwahi kuyaona.

Sikunyamaza. Nasema hapa kama nilivyosema kwa mchungaji na kwa shangazi na kwa kila aliyekuja kunihukumu: ningesema tena. Nilisema, "Hakuna jiwe lililomwangukia baba. Ni viatu vyako vya mwaka jana. Vilimbana, akavivaa usimwone amekudharau, akapata kidonda, ana sukari siku nyingi, mguu ukaoza, ukakatwa. Na daktari amesema huu nao ukichubuka utakwenda. Sasa endelea kusukuma."

Kaka alibaki amepiga magoti. Mvua ilikuwa imeanza tena juu ya bati. Akafungua kamba polepole, akakitoa kiatu, akaushika ule mguu kwa mikono miwili na kuutazama. Palikuwa na mstari mwekundu tayari, ngozi haijafunguka. Akaniuliza, bila kuinua kichwa, "Vile vya kwanza viko wapi?"

"Chini ya kitanda chake."

Akaenda. Baba alikuwa amenilazimisha nivipige rangi kila Jumamosi hata baada ya mguu kukatwa, kwa hiyo kwa nje viling'aa kuliko vipya. Kaka akaingiza mkono ndani ya cha kulia. Ndani sikuwahi kuosha. Akautoa mkono, akautazama, akaufuta kwenye suruali yake ya Krismasi.

"Baba," akasema, "kwa nini hukuniambia vinabana?"

"Vilikuwa vizuri," baba akasema. "Vilikuwa vizuri sana, baba."

Kaka akamwita yule wa bodaboda kwa simu. Nyama ilikuwa jikoni, ndizi ziko motoni, kengele ya kanisa inalia, yeye akavaa koti lake bado limeloa. Nikamsihi. Nikamwambia hakuna anayekulaumu. Akaniambia, "Najua. Hicho ndicho kibaya." Akashuka mlima kwenye mvua ile, na viatu vyote, vya zamani na vipya, ameviweka ndani ya begi. Baba hakwenda kanisani. Ilikuwa Krismasi yake ya kwanza kukosa ibada. Wali ulipoiva nikampelekea, akaniambia, "Umeridhika?"

Kaka hajapanda tena. Zimepita Krismasi kadhaa, zawadi haziji, na majirani wananiuliza kwa huruma ya uongo kama kaka yangu yu mzima. Yu mzima. Watu wanamwona Same, ameegesha lori kando ya barabara kuu, anakula chipsi, anautazama mlima. Halafu anawasha gari. Simu yake ukipiga anapokea, anauliza mguu unaendeleaje, nikimpa baba azungumze naye, mtandao unakatika. Kila mara unakatika hapo hapo.

Mguu unaendelea vizuri. Kila jioni nauosha kwa maji ya uvuguvugu, kwanza nayapima kwa kiwiko, halafu nakausha katikati ya vidole kimoja kimoja na kukagua unyayo kwa tochi ya simu. Hauna hata mkwaruzo. Baba ananiachia mguu wake, anaangalia juu ya kichwa changu, kule barabara inakotokeza.

"Gari la Same limepita?"

"Limepita, baba."

"Hakuna aliyeshuka?"

"Hakuna."

Jana aliuangalia mguu ndani ya beseni, akasema taratibu, bila hasira yoyote, "Ungeuacha tu huu nao uende. Mwanangu angekuwa anakuja."

Nikautoa majini, nikaukausha, nikaupaka mafuta, nikamvalisha soksi iliyolegea.