Wembe Wakati Mume Yuko Shimoni

Siku wifi yangu alipomwaga vidonge vyangu chooni, nilimpiga na mwiko wa bukari, ugali wetu wa huku. Nilimpiga mgongoni, akageuka, nikampiga begani, mwiko ukakatika vipande viwili. Huyu ni mtu mzima, dada mkubwa wa mume wangu, mwanamke ninayemwita yaya, neno letu la dada mkubwa, kwa heshima. Sijutii. Hata leo nikikumbuka kile kikopo cheupe kikizama kule chini, mikono inaniwasha.

Ugonjwa wenyewe uliniingia kimyakimya. Mimi ni mtu wa kelele. Nauza maharage sokoni hapa Kolwezi, na mteja akinichezea kwenye kipimo tunakunjana. Basi nikaanza kusinzia juu ya magunia. Baridi ilinishika mchana wa jua kali, uso ukavimba, sauti ikawa nzito kama ya mlevi. Hospitalini daktari, mama mmoja asiyecheka hovyo, alinipapasa shingo, akapeleka damu yangu maabara, kisha akanieleza.

"Mama, kuko tezi hapa mu shingo. Ya kwako inalala. Hii kidonge njo itafanya kazi yake. Utameza kila asubui na maji tu, mbele ya kula kitu."

Nikameza. Usingizi ukapungua, hasira zangu zikarudi, nikamshukuru Mungu. Lakini nywele zilikuwa zimeanza kukatika hata kabla ya dawa, na sasa zikawa zinatoka mafungu mafungu. Msusi wangu alivuta msuko mmoja, ukabaki mkononi mwake. Aliutupa chini, akapiga yowe, akakimbilia bombani kunawa. Mimi nikabaki kwenye kiti chake, nusu nimesukwa, nusu nimenyonyoka, wateja wote wananikodolea macho. Nilitaka kumng'oa meno.

Nilirudi kwa daktari nikampigia meza ngumi. Hakushtuka.

"Dose iko kidogo, tutaongeza polepole, na damu tutapima tena. Nyele itatoka bado, kiisha itarudia. Inaomba wakati. Usiache dawa, mama. Ukiacha, utarudia kulala."

Hilo ndilo wifi yangu hakulikubali. Kwake mambo yalikuwa wazi: dawa imeingia, nywele zimetoka. Na nywele za mke wa mchimbaji si jambo la mchezo. Mume wangu anachimba shaba na kobalti Mutoshi, kwa koleo na kamba, kwenye mashimo ambayo vijana wameyachimba wenyewe bila mbao za kushikilia ukuta. Huku kwetu mwanamke anayenyolewa kichwa ni mjane. Dada za marehemu ndio wanaomnyoa, siku ya lufu, yaani msiba. Kwa hiyo mume akiwa chini, mke haugusi wembe. Anayejinyoa wakati huo amejiita mjane mwenyewe, na udongo unasikia.

Wifi alikuwa na sababu zake. Mumewe alifunikwa na udongo kule Fungurume, na ndugu za mume walimnyoa kwa wembe butu mpaka damu ikashuka kwenye nyusi. Tangu hapo anaishi nasi kiwanja kimoja, na mdogo wake huyu ndiye mwanamume pekee aliyebaki kwao. Kila fungu la nywele zangu lililoanguka, yeye aliona konzi ya udongo inamwangukia mdogo wake. Ndiyo maana alitupa vidonge. Namwelewa. Ningempiga tena.

Nilipata vidonge vingine, daktari akaongeza kipimo, mwili ukasimama. Kichwa kikawa aibu: upara huku, kishungi kule, na vidonda nilivyojikuna chini ya kitambaa. Nilipomuuliza mume wangu kama naweza kunyoa nimalize mateso, alimtazama dada yake, akachukua koleo akatoka. Nilitamani kuwagonganisha vichwa.

Siku moja adhuhuri, yeye akiwa Mutoshi, nilisonga bukari, nikapakua sombe, yaani kisamvu, tukakaa kula mimi na wifi. Akamega tonge, akatafuna, kisha akachomoa mdomoni unywele mrefu. Akauangalia. Akatema mate, akabeba sufuria nzima, akamwagia mbwa.

"Hii njo kitu unatulisha sasa? Lufu?"

Niliingia ndani nikatoka na wembe, kioo na beseni la maji, nikakaa katikati ya ua, nikavua kitambaa. Alinirukia. Nilimsukuma kwa mguu akaangukia gunia la makaa. Akaja tena, akanishika mkono, tukagombania wembe hadi ukamchana kiganja, damu yake ikanichuruzika shingoni.

"Anaua ndugu yangu! Batu, mukuye! Anamuua!"

"Nyele yangu, kichwa yangu!" nami nikapiga kelele. "Udongo ya Mutoshi haina macho!"

Nikanyoa mbele yake, kwa hasira, nikijikata hovyo, vishungi vikianguka ndani ya beseni. Majirani wakaingia mmoja mmoja. Hakuna aliyenitukana, na hilo ndilo lililonichoma. Walivua viatu, wakakaa chini wakanyoosha miguu, na mama mmoja akaanza kulia ile sauti ya msibani. Niliwatukana. Niliwamwagia maji ya beseni pamoja na nywele zangu. Wakajifuta, wakabaki palepale.

Mume wangu hurudi jua likiwa bado juu ya mapaa. Siku hiyo jua likateremka, pikipiki zikapita, hakuna iliyosimama kwetu. Jirani mmoja akasema amesikia kuna shimo limebomoka upande ule. Nikamwambia afunge mdomo kabla sijamfunga mimi. Kisha nikapitisha mkono kichwani. Kilikuwa kitupu, kina baridi, na hofu ikanishika.

Maana niliamini. Mdomo ulikuwa umepiga kelele mchana kutwa, lakini ndani niliamini kama wao. Kama amekufa, nimemuua mimi, kwa ajili ya nywele ambazo hata sikuwa nazo. Nilimwambia Mungu achukue vidonge, achukue afya, anirudishie usingizi na uvimbe, ila yule mtu aingie mlangoni. Wifi alikaa upande wa pili wa ua, kiganja amekifunga kwa kitambaa changu. Alikuwa halii tena. Alikuwa ananitazama kichwa tu, na nilijua anakumbuka cha kwake.

Ndipo mume wangu akaingia kwa miguu, vumbi hadi kwenye kope, koleo begani. Malori ya madini yalikuwa yameziba barabara tangu darajani, akashuka kwenye pikipiki akatembea njia yote. Alisimama mlangoni. Aliwaona wanawake wameketi chini, dada yake ana damu, mkewe amenyolewa. Koleo likaanguka.

"Nani alikufa?"

Akatuangalia mmoja mmoja, kama anayetuhesabu.

"Munambie! Nani?"

"Njo weye ulikufa," nikasema.

Wifi alifika kwanza. Alimvamia kwa ngumi, kifuani, usoni, kwa mkono ule mzima na ule uliochanika, akimtukana kwa kuchelewa. Mimi nikamfuata. Nilimpiga makofi mabegani na mgongoni, nikilia kwa sauti, na kila nilipomgusa alikuwa wa moto, ananuka jasho. Tulimpiga wote wawili mpaka akakaa chini kwenye vumbi, amejikinga kichwa kwa mikono, anauliza, "Mi nilifanya nini? Bamama, mi nilifanya nini?"