Koti Jeupe la Langoni

Bawabu wa shule ya kati hapa mtaani kwetu Meknes ni mwanamke. Hutafuna karafuu asubuhi nzima, na humgusa bega kila mtoto anayepita, kwa kiganja chake kilichopasuka kwa sabuni: “Bismillahi, ingia.” Mjukuu wangu Ghizlane alikuwa wa kwanza shule ya msingi, lakini hapa alilia langoni mwezi mzima, na alama zikashuka. Jumatatu moja akaja na koti la sare la rangi ya waridi, kumbe hapa wasichana hubadili rangi kila wiki, na wiki ile ilikuwa ya jeupe. Wenzake wakamcheka: “Wewe wa chekechea, rudi kwa bibi!” Akageuka, nami niliyemsindikiza nikajua akiondoka leo harudi tena. Bawabu akavua koti lake jeupe la kazi, akamvika, akamkunjia mikono ya koti mara tatu. “Haya binti, leo bawabu ni wewe. Wapange mstari.” Ghizlane akafuta kamasi, akapaza sauti, “Jipangeni!” Wakajipanga, wallahi, waliomcheka wakiwa mbele. Koti Ghizlane alilifua mwenyewe kabla ya kulirudisha. Siku hizi alama zimepanda, alhamdulillahi, na kila Jumatatu hufika mapema, akasimama kando ya bawabu na koti la akiba mkononi, akimngoja aliyesahau rangi.